DNA na msimbo wa jeni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara hapa Amu (Lamu)

Nafundisha baiolojia sekondari. Maswali haya yametoka pande mbili: kwa wanafunzi wanaojiandaa na KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya, na kwa watu wazima wanaonisimamisha Mkunguni baada ya alasiri kwa sababu wamesikia jambo redioni. Nimeyachanganya makusudi. Wanafunzi huuliza "ni nini?", wazee huuliza "kwa hiyo?", na kila upande wahitaji swali la mwenzake.

DNA ni kitu gani hasa, na iko wapi mwilini?

Ni molekuli, kitu halisi cha kikemia chenye kaboni, haidrojeni, oksijeni, naitrojeni na fosforasi. Si damu, ingawa watu husema "wale damu moja". Tena seli nyekundu za damu zikikomaa hazina kiini, hivyo hazina DNA. Maabara ikikutoa damu kwa kipimo hiki hutegemea seli nyeupe. DNA nyingi imo ndani ya kiini cha seli, katika kromosomu (vifurushi vya DNA) 46: 23 za mama na 23 za baba. Kuna kipande kingine kidogo sana, herufi 16,569 tu, kilichomo kwenye mitokondria, vijumba vya nishati ndani ya seli, na hicho humfikia mtoto kutoka kwa mama. Kishike hiki, tutakihitaji tukifika kwenye nasaba.

Umbo lake likoje?

Fikiria kamba ya makumbi yenye nyuzi mbili zilizosokotana. DNA nayo ni nyuzi mbili zinazozungukana, ila tofauti iko kwenye kinachozishika. Kamba hushikwa na msuguano wa nyuzi kwa nje. DNA hushikwa kwa ndani, na mpangilio mzima wa maisha umekaa huko ndani.

Uti wa kila uzi ni sukari na fosfeti zinazofuatana: sukari, fosfeti, sukari, fosfeti, mamilioni ya mara bila badiliko. Sehemu hiyo haisemi lolote. Kwenye kila sukari kumening'inia besi moja, ikielekea ndani, nayo ni moja kati ya nne: adenini (A), thaimini (T), guanini (G) au sitosini (C). Hizi ndizo tunazoziita herufi. A ya uzi mmoja hukutana na T ya uzi wa pili, na G hukutana na C. Nyuzi zenyewe zimeelekeana kinyume: mmoja ukisomwa kwenda juu, mwenzake husomwa kwenda chini.

Upana wa molekuli ni takriban nanomita 2, na mzunguko mmoja kamili huchukua jozi kama 10 za herufi, urefu wa nanomita 3.4. Msokoto ni wa kulia. Maana yake, ukiisimamisha mbele yako, uzi ulio upande wako huinuka kutoka chini kushoto kwenda juu kulia. Nawaambia wanafunzi wakague mabango na nembo kwa kipimo hicho, maana mengi huchorwa kinyume, hata yale ya watu ambao kazi yao ni DNA.

Kwa nini A lazima ikutane na T? Haiwezi kukutana na G?

A na G ni besi kubwa, T na C ni ndogo. Kubwa mbili zikikutana hazitoshei kwenye upana ule wa nanomita 2. Ndogo mbili zitaacha pengo. Kwa hiyo ni kubwa na ndogo kila mara. Halafu ziko bondi za haidrojeni: A na T hushikana kwa bondi mbili, G na C kwa tatu, na nafasi za bondi hizo haziendani ukibadilisha wenza. Kabla umbo halijajulikana, Erwin Chargaff alikwisha kuona kwamba kiasi cha A hulingana na cha T, na cha G hulingana na cha C, kwa kila kiumbe alichopima. Namba alikuwa nazo, sababu yake ndiyo ilikuwa haijaonekana.

Sheria hii ya wenza ndiyo inayofanya DNA iweze kunakiliwa. Nyuzi zikiachana, kila mmoja unatosha kuonyesha mwenzake alikuwaje: penye A weka T, penye G weka C. Matthew Meselson na Franklin Stahl walithibitisha mwaka 1958 kwamba kila DNA mpya ina uzi mmoja wa zamani na mmoja mpya.

Nani aligundua umbo hilo? Kitabu chetu kinasema Watson na Crick.

Kitabu chenu hakidanganyi, ila kinakatisha hadithi. DNA yenyewe ilitolewa mara ya kwanza na Friedrich Miescher mwaka 1869 huko Tübingen, kutoka kwenye usaha wa bandeji za hospitali. Mwaka 1944 Oswald Avery na wenzake wawili, Colin MacLeod na Maclyn McCarty, walionyesha kwamba ndiyo inayobeba urithi katika bakteria. Wengi hawakuwaamini, kwa kuwa protini zilionekana kuwa na ufundi zaidi.

Mwaka 1952, King's College London, Raymond Gosling akifanya kazi chini ya Rosalind Franklin alipiga picha ya eksirei ya DNA inayojulikana kama Picha 51. Alama ya msalaba katika picha ile ilikuwa dalili ya umbo la msokoto. Maurice Wilkins alimwonyesha James Watson picha hiyo mapema mwaka 1953, na Franklin hakuwa na habari. Watson na Francis Crick, waliokuwa Cambridge, wakajenga modeli yao, na makala yao yakatoka katika jarida la Nature tarehe 25 Aprili 1953, pamoja na makala ya Franklin na Gosling katika toleo hilohilo. Tuzo ya Nobel ya 1962 ilikwenda kwa Watson, Crick na Wilkins. Franklin alikuwa amefariki mwaka 1958, akiwa na miaka 37. Kwenye mtihani andika Watson na Crick, upate alama zako. Nje ya mtihani mtaje na Franklin.

Ni kweli seli moja ina DNA ya urefu wa mita mbili?

Ndiyo, kama mita 2 ukizinyoosha kromosomu zote 46 na kuziunga. Inatoshea kwa sababu imezungushwa kwenye protini ziitwazo histoni, herufi kama 147 kwa kila kifungu, na vifungu hivyo hukunjwa tena na tena.

Msimbo wa jeni ni nini, na kwa nini husomwa herufi tatu tatu?

Mwili hujengwa na kuendeshwa kwa protini, na protini ni mikufu ya asidi amino. Ziko asidi amino 20 za kawaida. DNA ina herufi nne tu. Jeni ni kipande cha DNA chenye maagizo ya protini, na msimbo wa jeni ni kanuni inayosema herufi zipi zamaanisha asidi amino ipi.

Fanya hesabu mwenyewe. Herufi moja moja zingetaja asidi amino 4 tu. Mbili mbili zingetoa michanganyiko 16, bado hazifiki 20. Tatu tatu hutoa 64, na hapo pana nafasi ya kutosha. Kila kundi la herufi tatu huitwa kodoni. Kati ya kodoni 64, 61 hutaja asidi amino, na tatu (UAA, UAG na UGA) husema "simama". (Hapa U, yaani urasili, imeshika nafasi ya T, kwa kuwa kodoni huandikwa kama zisomwavyo kwenye RNA, nakala ya DNA; sababu yake yaja chini.) AUG hutaja methionini na pia huwa ndiyo alama ya kuanzia.

Kwa kuwa 61 ni nyingi kuliko 20, asidi amino nyingi zina kodoni zaidi ya moja. Mara nyingi herufi ya tatu ikibadilika hakuna kinachoharibika: GGU, GGC, GGA na GGG zote ni glisini. Lakini kodoni moja haitaji asidi amino mbili. Wanafunzi huchanganya hapa kila mwaka, kwa hiyo lirudie kwa sauti.

Msimbo hauna nafasi wala nukta kati ya kodoni. Soma hii: MTU AJE ALE NAO. Ondoa herufi T, kisha soma tena tatu tatu: MUA JEA LEN AO. Kosa ni moja, ila kila kilichofuata kimeharibika. Mwaka 1961 Crick, Sydney Brenner na wenzao walitumia jambo hilohilo kwa virusi vinavyoshambulia bakteria: wakiongeza herufi moja au mbili jeni hufa, wakiongeza tatu mara nyingi hufufuka. Hivyo walijua usomaji ni wa tatu tatu kabla ya kujua kodoni yoyote yamaanisha nini.

Basi walijuaje kodoni ipi ni ya asidi amino ipi?

Mwaka huohuo wa 1961, Marshall Nirenberg na Heinrich Matthaei walitengeneza RNA yenye herufi U peke yake, wakaiweka kwenye maji ya seli za bakteria zilizopondwa. Ikatoka protini ya asidi amino moja tu, fenilalanini. UUU ikawa imefumbuliwa. Har Gobind Khorana akatengeneza RNA zenye mfuatano aliouchagua yeye, na kufikia 1966 jedwali lote lilikuwa limekamilika. Nirenberg, Khorana na Robert Holley walipewa Nobel mwaka 1968.

Mbona kwenye RNA T hugeuka U?

RNA ni nakala ya muda inayotoka kwenye kiini kwenda kwenye ribosomu, ambako protini huungwa. Hutumia urasili badala ya thaimini, na urasili ni rahisi kwa seli kutengeneza. DNA hailazimiki kubana gharama hivyo, kwa sababu nzuri: sitosini huharibika yenyewe mara kwa mara na kugeuka urasili. Kama U ingekuwa herufi halali ndani ya DNA, mafundi wa kurekebisha wasingejua ipi ni ya asili na ipi ni sitosini iliyoharibika. Kwa kuwa DNA hutumia T, U yoyote humo ni kasoro, hukatwa na kutolewa.

Herufi moja tu yaweza kweli kumletea mtu maradhi?

Selimundu ndio mfano wa karibu, na katika pwani hii karibu kila mtaa una nyumba inayoujua. Katika jeni ya beta-globini, sehemu ya himoglobini inayobeba oksijeni kwenye damu, kodoni ya sita ni GAG, inayotaja asidi glutamiki. Kwa mwenye selimundu imekuwa GTG, inayotaja valini. (Ukihesabu methionini ya kuanzia, ambayo hukatwa baadaye, ni ya saba; msigombane na jedwali la intaneti.) Mkufu wa beta-globini una asidi amino 146, na 145 ziko sawasawa.

Ile moja inatosha. Asidi glutamiki hupenda maji, valini huyakimbia. Oksijeni ikipungua, himoglobini yenye valini hunata na nyingine kama hiyo, hujipanga kuwa nyuzi ndefu, na nyuzi hizo huikunja seli nyekundu ikawa na umbo la mundu. Seli za namna hiyo huziba mishipa midogo, ndipo yanapokuja yale maumivu makali ya mifupa, na huvunjika upesi, ndipo damu inapopungua.

Sasa mbona herufi mbaya hivi imeenea pwani? Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alikusanya sampuli za damu nchini mwaka 1949 akaona jambo: wenye nakala moja ya jeni hii (waliyoirithi kwa mzazi mmoja tu) walikuwa wengi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, na wachache sana nyanda za juu. Akakumbuka mbu wako wapi. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba nakala moja humkinga mtu na malaria. Watafiti wa KEMRI (taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya) na Wellcome Trust huko Kilifi wamelifuatilia kwa miaka mingi, na kinga dhidi ya malaria kali ni kubwa sana, karibu asilimia 90. Waliona pia jambo ambalo binafsi nalipenda kuliko yote: aina ya thalasemia ya alfa (kasoro nyingine ya kurithi ya himoglobini) iliyo ya kawaida pwani nayo hukinga na malaria, lakini mtoto akirithi yote mawili pamoja, kinga hupotea. Mambo mawili mema yakakutana yakafutana.

Mtoto wetu wa kwanza ana selimundu. Maana yake watatu wanaofuata watakuwa salama?

Hapana, na naomba tafadhali mfikishie na jirani. Wazazi wote wawili wakiwa na nakala moja kila mmoja, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya mtoto mgonjwa, 2 kati ya 4 ya mtoto mwenye nakala moja kama wazazi wake, na 1 kati ya 4 ya mtoto asiye nayo kabisa. Kila mimba huanza hesabu upya. Nyumba yaweza kupata wagonjwa wawili mfululizo, nyingine isipate hata mmoja katika watoto sita. Wala si kosa la mama. Jeni hii hutoka pande zote mbili. Kipimo cha kujua kama mtu ana nakala moja ni cha damu, na ni bora kifanywe kabla ya posa kuliko baada ya arusi.

Je, binamu wakioana watoto hupata matatizo?

Wengi hawapati. Binamu wa kwanza hushirikiana wastani wa thumuni ya DNA yao, asilimia 12.5, kutoka kwa babu na bibi waliochangia. Kama babu alikuwa na nakala moja ya jeni yenye kasoro, wajukuu wawili waweza kuibeba wote bila kujua, na mtoto wao akapata nakala mbili. Hatari ya kasoro kubwa za kuzaliwa, ambayo kwa ndoa yoyote ni asilimia 2 hadi 3, huongezeka kufikia takriban mara mbili. Huo ni wastani. Familia yenye historia ya selimundu au ualbino ina hesabu yake yenyewe, na familia ambayo binamu wameoana vizazi vinne mfululizo pia ina yake.

Mwalimu, insulini anayojidunga mama yangu imetokana na nguruwe?

Kwa miaka mingi insulini ilitolewa kwenye kongosho za nguruwe na ng'ombe, kwa hiyo swali lina msingi. Insulini ya binadamu ina asidi amino 51, na ya nguruwe hutofautiana nayo kwa moja tu, mwishoni mwa mkufu B, mmoja kati ya mikufu yake miwili: binadamu ana threonini, nguruwe ana alanini.

Leo insulini nyingi hutengenezwa na bakteria au hamira. Mwaka 1978 wanasayansi walifaulu kuingiza maagizo ya insulini ya binadamu ndani ya bakteria, na mwaka 1982 ikaidhinishwa Marekani. Hili liliwezekana kwa sababu bakteria husoma kodoni zilezile tunazosoma sisi. GAG ni asidi glutamiki kwako, kwa mkoko, kwa changu na kwa kijidudu cha tumboni. Vighairi vipo vichache. Ndani ya mitokondria zetu wenyewe UGA haisemi "simama", hutaja triptofani. Soma lebo ya kichupa au muulize mfamasia. Hukumu ya halali na haramu ni ya wanavyuoni.

Mtoto aliyenyonyeshwa na mwanamke mwingine hupata DNA yake? Na aliyeongezewa damu?

Hapana, wote wawili. Undugu wa kunyonya una hukumu zake katika sharia, na haukuhitaji DNA ili usimame.

DNA yaweza kuthibitisha shajara yetu, yaani orodha ya nasaba yetu?

Swali hili huja kwa sauti ya chini, na nalijibu kwa uangalifu. Kromosomu Y hutoka kwa baba kwenda kwa mwana bila kuchanganyika sana, kwa hiyo wanaume wawili wanaodai babu mmoja wa kuumeni waweza kulinganishwa. Kipimo kitasema kama mstari wao ni mmoja. Jina la babu huyo hakitalisema. Tena ukirudi vizazi 10 una nafasi 1,024 za mababu, na Y yafuata mmoja tu kati yao. Mitokondria nayo yafuata mmoja tu, mama wa mama wa mama.

Kwa watu wa pwani kwa jumla kuna kazi kubwa iliyochapishwa katika Nature mwezi Machi 2023. Watafiti, akiwamo Mkenya Chapurukha Kusimba, walisoma DNA ya watu 80 wa kale, wengi wao wa miji ya pwani wa kati ya miaka 1250 na 1800, wakiwamo wa Manda na Faza hapa kwetu, Mtwapa na Kilwa. Waliona mchanganyiko ulioanza karibu na mwaka 1000. Kwa wengi, zaidi ya nusu ya DNA ilikuwa ya Afrika, nayo ilitoka hasa kwa wanawake. Sehemu ya Asia ilitoka hasa kwa wanaume, wengi wa asili ya Uajemi, pamoja na mchango wa India. Baada ya 1500 hivi asili ya Arabuni ikaongezeka. Walijuaje sehemu ipi ilitoka kwa wanaume na ipi kwa wanawake? Kwa kulinganisha mitokondria na Y.

Watu wawili walinijia wiki moja na habari hiyohiyo, mmoja akisema imethibitisha kwamba sisi ni Washirazi, watu wa asili ya Uajemi, mwingine akisema imethibitisha kwamba si Washirazi. Wote walikuwa wameruka nusu ya sentensi. Tukumbuke pia kwamba wengi wa waliofukuliwa walizikwa karibu na misikiti na walikuwa watu wenye nafasi. Wavuvi na watumwa hawamo kwa wingi. Na wanaoishi sasa wamechanganyika tena tangu hapo.

Kwa nini baghala hazai?

Punda ana kromosomu 62, farasi 64, baghala hubaki na 63. Wakati wa kutengeneza mbegu au yai kromosomu lazima zipangane mbili mbili, na zake hazipangiki vizuri.

Naweza kuiona DNA bila maabara?

Ndiyo, kwa ndizi mbivu. Iponde kwenye kikombe cha maji yenye kijiko cha chumvi, tia sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kidogo, koroga taratibu bila povu, uache dakika 10, kisha uchuje kwa kitambaa. Sabuni hupasua utando wa mafuta wa seli. Chumvi hutuliza chaji hasi za fosfeti ili nyuzi zisisukumane. Sasa mimina spiriti kali iliyolala kwenye friza, polepole, ikae juu bila kuchanganyika. Asilimia 90 au zaidi ndiyo bora. Ya asilimia 70 huleta matokeo hafifu. Uiweke mbali na jiko. DNA haiyeyuki kwenye spiriti, kwa hiyo baada ya dakika chache utaona utando mweupe kama kamasi ukipanda, na waweza kuuzungusha kwenye kijiti. Humo mna DNA ya mamilioni ya seli, pamoja na RNA na protini kidogo zilizoandamana nayo, maana jikoni hatuna namna ya kuzitenga.